Mwenye kisukari na ugali wa dona

Huku Mwanza wengi wanaamini mwenye kisukari akihamia kwenye dona basi anaweza kula ugali mpaka ashibe. Kweli dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ila bado ni mahindi, wanga umejaa na wanga ndo unapandisha sukari. Kama una mashine ya kupimia nyumbani pima kabla ya kula afu masaa mawili baadae, leo bonge zima la ugali, kesho nusu yake na sato wa kuchemsha na mchicha mwingi, linganisha namba. Na ukiambiwa "jirani alipona kwa dona" uliza, dawa alikua anameza? Utafiti mzuri unalinganisha makundi ya watu, sio jirani mmoja, na dawa usiache bila kuongea na daktari.