Sema Kwanza Unataka Modeli Ikufanyie Nini

Kwenye ripoti za ikolojia tunazopitia, lalamiko linaloongezeka ni hili: "Modeli yangu ina AIC ndogo kuliko zote, mbona mmeirudisha?" AIC ni alama ya kulinganisha modeli za takwimu zilizotokana na data ileile; iliyo ndogo ndiyo huhesabiwa bora. Hatuna shaka na nia njema ya mtu yeyote. Aliyeamka alfajiri kwenda kuhesabu wanyama anastahili maelezo.

Chukua swala. Umewahesabu katika vituo 100, una vipimo vya mvua na vya kimo cha nyasi. Ukiweka mvua peke yake, athari yake inaonekana wazi. Ukiongeza nyasi, AIC inashuka, na athari ya mvua inakaribia sifuri. Hapo ndipo ripoti inapoandika kwamba mvua haina athari kwa swala. Hapana! Mvua ndiyo iliyootesha zile nyasi. Umeziba njia ambayo mvua inawafikia swala, kisha unasema haifiki.

Modeli hiyo ya pili ni nzuri, tena nzuri sana, ukitaka kukadiria idadi ya swala mahali ambapo hukuhesabu. Swali likiwa mvua ikipungua swala watapatwa na nini, ya kwanza ndiyo iliyo karibu na jibu, ingawa AIC yake ni kubwa.

Kuhusu adhabu, yaani kile ambacho alama hizi huitoza modeli kwa kuwa ndefu, tunaomba pasomwe kwa makini. AIC, iliyobuniwa na Mjapani Hirotugu Akaike, hutoza 2 kwa kila namba ambayo modeli inaikadiria kutoka kwenye data. BIC, alama nyingine ya aina hiyo, ya Gideon Schwarz, ya mwaka 1978, hutoza logi asilia ya idadi ya vipimo: kwa vituo 100 ni takriban 4.6, kwa vituo 1,000 takriban 6.9. Kwa hiyo kuanzia vipimo 8 BIC huwa kali kuliko AIC, na huelekea kuchagua modeli fupi, yenye namba chache za kukadiria. Idadi ya vipimo ikigawanywa kwa idadi ya namba zinazokadiriwa na jibu lisifike 40, tumia AICc, yaani AIC iliyorekebishwa kwa ajili ya data chache. Modeli zinazolinganishwa lazima zitumie data ileile. Vituo 6 vikikosa kimo cha nyasi, programu nyingi huviacha kimyakimya, nawe unalinganisha vituo 94 na vituo 100. Vilevile, huwezi kulinganisha modeli ya idadi yenyewe na modeli ya logi ya idadi kwa kusoma AIC zake tu.

Hakuna hata moja kati ya adhabu hizi inayojua swali lako. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado tunaletewa jedwali la AIC kama ushahidi wa chanzo.

Anayetafuta chanzo achore kwanza mishale: nini kinasababisha nini, kabla ya kufungua programu. Anayetaka utabiri aipime modeli kwa kuficha eneo zima, si vituo vilivyotawanyika, kwa sababu vituo jirani hufanana na modeli itaonekana hodari kuliko ilivyo.

Na wenye kazi inayodai yote mawili, ambao ndio wengi, waweke modeli mbili, kila moja chini ya swali lake. Zikitofautiana kuhusu mvua, si kosa. Ripoti iliyorudishwa kwa sababu hii haihitaji hesabu mpya ya swala. Data ileile inatosha.