Draivu ipo, draiva haipo: kwa nini Windows haioni diski

Umechomeka flashi, unapiga Windows upya, umefika pale pa kuchagua diski ya kusakinishia, na orodha ni tupu. Kompyuta inasema haijapata diski yoyote. Fundi mwenye haraka atakwambia SSD, yaani diski yako, imekufa, nunua nyingine. Kabla hujatoa hela, izime, uiwashe tena na kuingia kwenye BIOS, ile programu ya mashine inayoamka kabla ya Windows. Ukiikuta SSD humo kwa jina lake na ukubwa wake, basi karibu kila mara diski ni nzima na kinachokosekana ni draiva.

Maneno haya mawili hutuchanganya kwa sababu yanafanana. Draivu ni diski yenyewe, kitu unachoweza kukishika mkononi. Draiva, au kiendeshi kwa Kiswahili cha vitabuni, ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa fulani. Mfumo endeshi haujui kuzungumza na kila chipu iliyowahi kutengenezwa. Wenyewe husema tu "nisomee kipande namba fulani", na draiva ndiyo mkalimani anayeligeuza ombi hilo kuwa amri za chipu husika. Asipokuwepo mkalimani, kwa Windows ni kama diski haipo kabisa.

Hata mafundi wazoefu husahau kwamba draiva inayokosekana hapa kwa kawaida si ya diski. Ni ya kidhibiti, yaani ile chipu iliyosimama kati ya diski na mfumo. Ndiyo maana SSD ileile ukiihamishia kwenye mashine nyingine inaonekana bila shida.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Windows XP haikuwa na draiva ya AHCI, njia ya vidhibiti kuzungumza na diski za wakati huo, hivyo ulibonyeza F6 mwanzoni mwa usakinishaji na kuilisha draiva kwa flopi. Mpaka leo folda za draiva za namna hii hupewa jina F6, ingawa flopi yenyewe wengine hawajawahi kuiona. Windows 7 nayo ilitoka bila kuzijua diski za NVMe, aina mpya ya SSD zenye kasi zaidi. Draiva yake ikaja kujengwa ndani ya Windows 8.1, mwaka 2013.

Siku hizi mkosaji mkuu ni kidhibiti cha Intel kiitwacho VMD, kilichoenea kwenye laptopu tangu kizazi cha 11 cha prosesa zao, mwaka 2020. VMD huziweka diski za NVMe nyuma yake ili ziweze kuunganishwa kwa RAID, yaani diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Kwa laptopu yenye SSD moja sioni faida yake kubwa, lakini viwanda vingi huiacha imewashwa. Flashi ya kawaida ya Windows 10 haina draiva yake, kwa hiyo inaona ukuta tu.

Windows huoanisha kifaa na draiva kwa namba. Kila kidhibiti hujitambulisha kwa namba ya mtengenezaji na ya kifaa, mfano VEN_8086&DEV_9A0B, ambayo ni VMD ya kizazi hicho cha 11. (8086 ni Intel wenyewe; walichukua jina la prosesa yao ya mwaka 1978.) Faili la .inf ndani ya folda ya draiva huorodhesha namba linazozihudumia. Namba yako isipokuwamo, draiva hiyo si yako, hata kama imeandikwa Intel.

Dawa yake: ingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, tafuta modeli kamili, pakua draiva ya Intel RST, ndiyo yenye mkalimani wa VMD. Kosa la kila siku ni kuweka .exe kwenye flashi jinsi lilivyo. Kisakinishi hakilisomi, kinataka mafaili yaliyofunguliwa, yaani .inf na wenzake. Kisha bonyeza "Load driver", ielekeze kwenye folda, na diski itatokea palepale.

Njia ya mkato ni kuzima VMD ndani ya BIOS. Kama unafuta kila kitu, zima tu. Ila kama Windows ilishasakinishwa VMD ikiwa imewashwa, ukiizima ghafla utakutana na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwa kuwa mfumo unaamka ukimtafuta mkalimani wa zamani. Afadhali ufungue msconfig kwanza, zana ya Windows ya kupanga uwashaji, uchague "Safe boot" (kuwaka na mambo ya msingi tu), ubadilishe BIOS, uache iwake mara moja katika hali hiyo, halafu uondoe alama. Uwe na nywila yako kamili, maana PIN inaweza kukataliwa humo. Na kama BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, imewashwa, chukua ufunguo wa kurejesha kabla hujagusa chochote.

Ukibaki na shaka, washa mashine kwa flashi ya Linux. Kiini chake kina draiva ya VMD tangu toleo la 4.5, na amri ya lspci -nn itakuonyesha namba za kidhibiti.

Kama BIOS nayo haiioni diski, achana na habari za draiva. Ichomoe uirudishe vizuri, kisha uangalie aina yake: kuna SSD za M.2 (zile bapa kama kijiti) za SATA, njia ya zamani na ya polepole, na za NVMe, zinaingia tundu lilelile, lakini si kila tundu linazikubali zote mbili.