Ufanisi wa nishati: yanayosemwa Mombasa, na yalivyo

"Ufanisi ni kujinyima."

Ukitaja sera ya ufanisi wa nishati, wengi hapa husikia amri moja: zima. Zima taa, zima feni, vumilia joto la Februari. Huko ni kujinyima, na ni jambo jingine kabisa. Ufanisi ni kupata baridi ileile, mwanga uleule, saruji ileile, kwa nishati kidogo zaidi. Hata malengo ya kimataifa hayahesabu jumla ya umeme tunaotumia. Yanapima nishati inayokwenda katika kila shilingi ya uchumi. Desemba 2023 kwenye mkutano wa tabianchi huko Dubai, karibu nchi 200 zilikubaliana kwamba kufikia 2030 kasi ya kuboresha ufanisi duniani iongezeke maradufu, yaani kutoka asilimia 2 hivi kwa mwaka hadi 4. Mkakati wa Kenya wa 2020 ulikuwa umejiwekea asilimia 2.8 kwa mwaka. Bandari yetu ya Kilindini inaweza kushusha makontena mengi kuliko mwaka jana, ikala nishati zaidi kwa jumla lakini kidogo kwa kila kontena, na lengo hilo bado likafikiwa.

"Hayo ni mambo ya Wazungu."

Yalianzia kwao, sikatai. Shirika la Kimataifa la Nishati liliundwa 1974, nchi tajiri zilipokuwa bado zinatetemeka kwa mtikisiko wa mafuta wa 1973. Lakini India iliagiza kwamba kuanzia Januari 2020 viyoyozi vya nyumbani viuzwe vikiwa vimetegwa nyuzi 24, na anayetaka baridi zaidi abonyeze mwenyewe. Na funzo linaloufaa mji wa bandari kama wetu limetoka Ghana. Mwaka 2008 walitunga sheria ya kupiga marufuku uingizaji wa friji za mtumba, wakaanza kuitekeleza 2013. Hawakumhubiria mama wa nyumbani aufunge mlango wa friji upesi. Walikwenda kwenye geti la bandari.

Kwetu friji ya mtumba bado inasifiwa kuwa rahisi na imara, "ya Ulaya hiyo, bwana". Ni rahisi siku ya kununua. Tufanye hesabu: friji ikila wati 50 zaidi ya nyingine kwa wastani, mchana na usiku, hizo ni yuniti (kilowati-saa) 438 za ziada kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya yuniti yako, kisha kwa miaka utakayokaa nayo. Mpira wa mlango ukiwa umechoka, kwenye unyevu huu wa pwani, kompresa haipumziki.

Na ile stika ya ufanisi ya "A+" muuzaji anayokuonyesha kwa fahari? Ulaya yenyewe iliiacha mizani hiyo kwa friji mnamo Machi 2021, ikarudi kwenye A hadi G, na friji nyingi zilizoitwa A+ zikateremka mpaka mkiani. Kenya ina lebo yake ya nyota 1 hadi 5, kwa kanuni za 2016, na haiishii kwenye friji: imo pia kwa viyoyozi, taa na mota za viwandani. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

"Soko litajirekebisha lenyewe, hakuna anayependa kupoteza pesa."

Nenda kwenye fleti za Nyali au Tudor uulize nani alinunua kiyoyozi na nani ananunua tokeni. Mwenye nyumba alichagua cha bei ya chini, mpangaji ndiye anayelipa kila wiki. Hakuna mjinga hapo, kila mtu amepiga hesabu yake vizuri, na umeme unapotea. Ndiyo sababu ya kuwa na kiwango cha chini kisheria: kifaa kibovu kisifike dukani.

Viwandani pia. Kanuni za 2012 zilimtaka kila mwenye kutumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka afanye ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka mitatu, na atekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Kiwango hicho ni yuniti 15,000 kwa mwezi, kwa hiyo hoteli kubwa ya ufukweni imo. Wakaguzi hupata nini? Mara nyingi pampu inayozunguka kwa kasi yote huku maji yakibanwa kwa vali. Punguza kasi ya pampu au feni kubwa kwa asilimia 20, na umeme wake unaweza kushuka karibu nusu, kwa sababu nguvu inafuata mchemraba wa kasi, yaani 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni kama nusu. Fundi anajua. Meneja ndiye hajaambiwa.

"Kuna kidude unachomeka kwenye soketi, tokeni zinapungua nusu."

Hakuna. Ndani yake kwa kawaida mna kapasita, kijidude cha kuhifadhi chaji ya umeme, na taa ndogo ya kijani. Mita ya nyumbani inahesabu yuniti halisi, na kapasita haizipunguzi.

"Umeme wetu ni wa mvuke na upepo, tuuokoe wa nini?"

Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya kweli ni safi, na Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, inastahili sifa zake. Ila jioni, nchi nzima inapowasha vitu kwa pamoja, mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai bado ina kazi, na gharama yake unaiona kwenye bili. Isitoshe, zaidi ya moja ya tano ya umeme hupotea kabla ya kumfikia mteja. Kisha umeme wenyewe ni kipande tu: nishati nyingi ya nchi hii ni kuni na makaa, na lori za barabara ya Mombasa hadi Nairobi zinakwenda kwa dizeli. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa thuluthi moja au zaidi likilinganishwa na la bati tupu. Naliweka juu ya hotuba nyingi za mikutano.

"Ukiokoa, utatumia zaidi."

Hii ina ukweli ndani yake. William Stanley Jevons aliliona jambo hilo katika makaa ya mawe ya Uingereza mwaka 1865. Anayelipa kidogo kwa kiyoyozi huwasha saa mbili zaidi, na kama alikuwa anakesha kwa joto, simlaumu. Kwa matumizi ya nyumbani akiba huliwa kwa sehemu, si yote. Ndiyo maana wapangaji wa sera hawategemei lebo peke yake: viwango hupandishwa kila baada ya miaka michache, na bei ya umeme haiachwi nje ya mazungumzo.