Plasenta inavamia kama kansa, lakini yenyewe inajua kusimama

Wengi wakiskia kansa wanafikiria ni kitu kigeni kimeingia mwilini, labda kemikali, labda laana, labda hiki chakula cha siku hizi. Sisi tunaokaa na maikroskopu kwa maabara ya patholojia hapa Nairobi tunaona mambo tofauti kidogo. Karibu kila kitu seli ya kansa inafanya, kuna seli zingine zilishakifanya kabla yake tena kihalali kabisa, na bila hizo seli hakuna hata mmoja wetu angezaliwa. Ni seli za plasenta, ile kondo ya nyuma ambayo mkunga akishaikagua aone imetoka yote basi watu hawaiongelei tena.

Hebu angalia vile inafanya kazi. Karibu wiki moja baada ya mimba kutunga, seli za nje za kiinitete, zinaitwa trofoblasti, zinajishika kwa ukuta wa mji wa mimba na kuanza kuchimba. Zinatoa enzaimu za kufungua njia, zinaingia mpaka kwa msuli wenyewe, zinafikia mishipa ya damu ya mama na kuibomoa kuta ili ipanuke na damu ije kwa wingi. Na kumbuka nusu ya jeni zake zimetoka kwa baba, kwa hivyo kinga ya mama ingefaa kuzishambulia kama vile ingeshambulia figo ya mtu mwingine, lakini zinavaa protini inayoitwa HLA-G ambayo inatuliza seli za kinga. Kukua haraka, kuvamia, kujitafutia damu, kukwepa kinga. Mpe daktari wa kansa hiyo orodha bila kumwambia ni ya nini, atakwambia ni uvimbe mbaya huo.

Sasa swali ni huo ujuzi wote unatoka wapi, na jibu kubwa liko kwa epijenetiki, yaani alama zinazowasha na kuzima jeni bila kubadilisha DNA yenyewe. DNA ya seli ya ini, ya ngozi na ya plasenta ya mtoto mmoja ni kitu kimoja. Ni kama nyumba yenye waya za stima kila chumba, tofauti ni switchi gani imewashwa na gani imezimwa. Njia moja ya kuzima inaitwa metilesheni: kemikali ndogo sana, kaboni moja na hidrojeni tatu, inabandikwa juu ya DNA, na ikibandikwa pale penye jeni inaanzia basi hiyo jeni mara nyingi inanyamaza.

Kwa tishu nyingi za mtu mzima metilesheni imejaa karibu kila mahali isipokuwa kwa yale maeneo ya mwanzo wa jeni, hapo huachwa wazi. Plasenta inafanya kinyume. Vipande virefu vya kromosomu vimepungukiwa metilesheni, na wakati huo huo baadhi ya yale maeneo ambayo yangekuwa wazi yamebandikwa na kufungwa. Ukichukua uvimbe wa matiti ama wa utumbo mpana ama wa mapafu unapata mtindo unaofanana sana, upungufu huku na kufungwa kule. Mwaka 2017 mtafiti Alexander Meissner na wenzake walichapisha kazi kwa jarida la Nature, walikuwa wameangalia viinitete vya panya siku zile za mwanzo kabisa wakati seli zinajigawa hizi kuwa mtoto na hizi kuwa upande wa plasenta, na wakapata kwamba jeni nyingi zenye zinafungwa upande wa plasenta ndizo hizo hizo zinapatikana zimefungwa kwa kansa nyingi za binadamu. Kwangu mimi hii ni moja ya kazi muhimu sana za miaka hii, kwa sababu inamaanisha kansa haifungi hizo jeni ovyo ovyo, inaelekea kufungua mpango ambao mwili ulishaandika na kuutumia kabla hatujazaliwa.

Chukua jeni inaitwa RASSF1A. Kazi yake ni kuzuia seli zisizaane kupita kiasi, na imefungwa kwa kansa nyingi. Kwa plasenta nzima isiyo na shida yoyote pia imefungwa! Na watu wameshapata faida hapo. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA vya mtoto vinaelea kwa damu ya mama, na vingi hutoka kwa plasenta. Kwa vile RASSF1A imebandikwa metilesheni kwa plasenta na haijabandikwa kwa seli za damu za mama, maabara inaweza kuitumia kujua ipi ni ya nani. Njia ya aina hiyo, kutafuta alama za metilesheni kwa damu, ndiyo sasa inafuatiliwa kutafuta kansa mapema.

Lakini plasenta inasimama, na hapo ndipo naona siri kubwa iko. Trofoblasti zinavamia mpaka sehemu ya ndani ya msuli wa mji wa mimba, kama theluthi moja hivi, halafu zinatulia. Trofoblasti zingine zinaungana kuwa ngozi moja kubwa ambayo haigawanyiki tena. Breki zingine ni za mama mwenyewe, ule utando wa mji wa mimba unaokuwa mnene wakati wa ujauzito unaongea na plasenta na kuipangia mwisho. Tunajua hivyo kwa sababu ya yale yanatokea utando ukikosekana: mama aliyejifungua kwa upasuaji mara kadhaa ana kovu, plasenta ikijishika juu ya kovu inaweza kuchimba ikapita msuli wote hata ikafika kwa kibofu, na hiyo ni hatari kubwa ya kutokwa damu. Na ikichimba kidogo kuliko inavyotakiwa, mishipa haipanuki vizuri, na hiyo ni njia mojawapo ya ile presha ya ujauzito inayoua wamama wengi.

Kuna mtu wa kwetu kwa hii hadithi na inanisikitisha watoto wetu shuleni hawamjui. Azim Surani alizaliwa Kisumu mwaka 1945, akaenda Uingereza, na mwaka 1984 yeye huko Cambridge, pamoja na James McGrath na Davor Solter wakifanya kivyao Marekani, wakaonyesha kwamba jeni za baba na za mama hazifanyi kazi sawa hata zikiwa na herufi zile zile, kwa sababu zimewekwa alama tofauti. Kiinitete cha panya chenye jeni za baba peke yake kilitoa tishu nyingi za plasenta na mtoto karibu hakuna.

Kwa binadamu tunaiona kabisa, ni ile mimba zabibu. Mimba zabibu kamili kwa kawaida ina kromosomu za baba tupu, hakuna mtoto, kuna vifuko vifuko vinavyojaa maji na homoni ya mimba, hCG, inapanda sana. Nyingi zinaisha zikisafishwa. Chache zinaendelea kuvamia, na zingine zinageuka kuwa koriokasinoma, kansa ya plasenta yenyewe, ambayo inaweza kwenda mapafuni mpaka kwa ubongo. Lakini hii ndiyo kansa iliyotupa matumaini: mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz waliripoti kwamba dawa ya methotreksati inaimaliza hata ikiwa imesambaa, na mpaka leo wagonjwa wengi sana wanapona, na wengi wanazaa tena.

Neno moja kuhusu enzaimu zinazouzwa ati zinatibu kansa. Wazo lilianza na John Beard wa Edinburgh, mwaka 1902 aliona kufanana kwa plasenta na kansa akadhani enzaimu za kongosho zitaiua. Kufanana aliona vizuri, dawa hapana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 ulifuata wagonjwa wa kansa ya kongosho waliojichagulia matibabu, nusu ya waliochagua kemo waliishi kupita miezi 14, nusu ya waliofuata enzaimu hawakuishi kupita miezi 4.3. Tafadhali usiuze shamba kununua hizo chupa.

Kwa hivyo mama ukitokwa na damu isiyoisha wiki kadhaa baada ya kujifungua au mimba kutoka, ama kipimo cha mimba kikiendelea kusoma ndio, nenda hospitali uitishe kipimo cha hCG cha damu. Na kama ulisafishwa mimba zabibu, hCG hupimwa kila wiki mpaka irudi kawaida, halafu kila mwezi kwa muda daktari atakaosema, na huo muda wote unatumia uzazi wa mpango, maanake mimba mpya itapandisha homoni ile ile na hatutaweza kujua kama ni mtoto au ni ugonjwa umerudi.