Uteuzi asilia si mnyama kujibadilisha

"Viumbe hujibadilisha ili waendane na mazingira." Sentensi hii imerudiwa kwenye vipindi vya wanyamapori mpaka inaonekana ndiyo maana yenyewe ya uteuzi asilia. Siyo.

Maana ni fupi: viumbe wa spishi moja hawalingani, baadhi ya tofauti zao hurithiwa, na wale ambao tofauti zao zinafaa mahali walipo huacha watoto wengi kuliko wenzao. Basi. Hakuna anayekusudia chochote.

Wabishi nawapeleka Daphne Major, kisiwa kidogo cha Galápagos, nchini Ecuador. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant, mume na mke, walianza utafiti wao huko mwaka 1973 na wakawa wanarudi kwa takriban miaka 40. Kazi haikuwa na mbwembwe: unamnasa finchi, ndege mdogo mla mbegu, kwa wavu, unamvisha pete mguuni, unampima mdomo, unamwachia.

Pete hizo ndizo zinazomaliza ubishi. Mwaka 1977 mvua ziligoma. Mbegu ndogo, laini, zikaliwa zikaisha. Zikabaki kubwa na ngumu, zikiwemo za mbigili, zile zenye miiba. Mwenye mdomo mnene aliweza kuzipasua. Mwenye mdomo mwembamba alihangaika nazo, akashindwa, na wengi wa namna hiyo wakafa njaa. Walionusurika walipozaa, vifaranga walikuwa na midomo minene kidogo kuliko kizazi cha kabla ya ukame, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Charles Darwin, mwanzilishi wa wazo la uteuzi asilia, aliyepita visiwa hivyo vya Galápagos mwaka 1835, alidhani mambo haya huenda polepole mno kuonekana kwa macho.

Sasa, hapo nani alijibadilisha? Hakuna finchi aliyenenepa mdomo kwa sababu ya njaa. Ndege waliovishwa pete kabla ya ukame walinusurika na midomo yao ileile au walikufa nayo. Kilichohama ni wastani wa kundi, kwa kuwa upande mmoja wa kundi ulipukutika.

Wengine hukubali hilo kisha husema basi spishi "iliboreka". Ngoja kwanza. El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la maji ya bahari ya Pasifiki, ya 1982 na 1983 ilileta mvua kubwa, mbegu ndogo zikajaa kisiwani, na miaka iliyofuata wenye midomo midogo ndio waliofanikiwa zaidi. Kwa hiyo ukitaka kusema finchi hawa waliboreka, itabidi utaje na mwaka. "Kundi lilibadilika kizazi hadi kizazi" inatosha kabisa.