Mbao za ala za muziki ni nini, na joto la dunia linazigusaje

Mbao za ala ni zile zinazochaguliwa kwa jinsi zinavyotikisika. Seremala wa milango anauliza kama mbao itahimili mvua na mchwa. Fundi wa fidla yeye anaigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama inaitika au inaimeza sauti. Muziki wa klasiki wa Ulaya, ule wa okestra na piano, umesimama juu ya aina chache mno za miti: sprusi wa milima ya Alpi kwa uso wa fidla na ubao wa sauti ndani ya piano, pernambuko wa Brazili kwa upinde wa fidla, na mpingo wetu kwa klarineti na obo, ala za kupulizwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza muziki huu utakuwaje dunia ikizidi kupata joto, naanzia msituni kabla ya ukumbini.

Sprusi ni ndugu wa msonobari. Kwenye baridi ya milimani hukua polepole, na kila mwaka hujiongezea duara jembamba. Maduara yakiwa membamba na yenye kulingana, mbao huwa nyepesi lakini ngumu, na mtikisiko hupita ndani yake bila kupotea. Bonde la Fiemme, kaskazini mwa Italia, linasifika kwa mbao hizi, na watengenezaji wa piano za Fazioli huzichukua huko hadi leo. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani walitoa hoja kwamba fidla za Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa Italia, zilinufaika na miongo ya baridi kali iliyoikumba Ulaya kati ya 1645 na 1715, miti ilipokua taratibu kupita kawaida. Hoja hiyo bado inabishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba baridi ya milimani sasa inapungua.

Mwishoni mwa Oktoba 2018 dhoruba iliyoitwa Vaia iliangusha mamilioni ya miti kaskazini-mashariki mwa Italia, Fiemme ikiwemo. Baadaye wakaja mbawakawa wa maganda. Walizaliana kwenye magogo yaliyolala, kisha wakahamia miti iliyosimama. Kiangazi kikiwa kirefu na cha joto, mdudu huyu huzaa vizazi vingi zaidi kwa mwaka, na mti wenye kiu hukosa utomvu wa kutosha wa kumzuia asipenye.

Mpingo una habari nyingine, na ndio unaonigusa zaidi. Ukipasua gogo lake utaona ukingo wa rangi ya njano hafifu, kisha kiini cheusi chenye uzambarau. Kipande cha kiini ukikitia majini kinazama. Nyuzi zake zimebanana kiasi kwamba tundu likitobolewa kingo zake hubaki kali, bila kumeguka, na hilo ndilo mpiga klarineti analolitaka, kwa sababu kila tundu ni noti. Ila mti wenyewe mara nyingi umepinda, umepasuka au umekuwa pango ndani, hivyo sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa makapi. Na kuupata mpingo wa kuvuna ni kazi ya miaka 70 au zaidi.

Ukame peke yake hauutishi sana. Ni mti wa nchi kavu, hupukutisha majani na kungoja mvua. Adui yake ni moto. Moto wa mwanzo wa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu, hupita chini chini. Ule wa mwishoni, kila kitu kikiwa kimekauka, huua miche na kuichoma miti mikubwa, na kidonda cha moto hufungua njia ya kuoza hadi kwenye kiini. Kiangazi kikirefuka na joto likipanda, hatari ya moto huo wa mwishoni huongezeka. Ndiyo sababu wanaotunza misitu ya miombo huchoma mapema, kwa mpango, ili baadaye moto usikute cha kula.

Ala zenyewe nazo zinaliona joto. Hewa ikipata joto sauti husafiri kwa kasi zaidi, basi klarineti hupanda juu ya noti yake, huku nyuzi za fidla zikilegea na kushuka. Hewa ikikauka ghafla, mbao hupasuka.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuachana na miti hii. Inawezekana: zama za Mozart klarineti nyingi zilichongwa kwa mbao ya njano ya Ulaya, na mpingo ulishika nafasi katika karne ya 19. Leo kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa hutengeneza pia klarineti za unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni na gundi. Kutumia makapi kwa namna hiyo ni jambo jema sana.

Lakini napinga kuuacha mpingo kabisa, na sababu iko Kilwa, mkoani Lindi. Sheria ya Misitu ya 2002 iliviwezesha vijiji vya Tanzania kumiliki misitu yao, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwemo, ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha utunzaji wa misitu. Kabla ya hapo magogo yaliondoka na kijiji kikabaki karibu mikono mitupu. Sasa kijiji ndicho kinachouza, na fedha huingia kwenye mahitaji yake. Msitu huo unashindana na ufuta, zao linaloleta hela kila msimu na linalopenda shamba jipya lililofyekwa. Mkulima wa Lindi anapopiga hesabu ya kufyeka au kuacha, bei ya gogo la mpingo ni moja ya tarakimu anazozitazama. Okestra zikiacha kununua, tarakimu hiyo inafutika, na shoka litafika kwa ajili ya ufuta.