Kuweka ekseli nzima mbele kwenye pikapu ya zamani, maana yake nini hasa

Hii kitu inazungumzwa sana kwenye magereji ya Ilala na Gerezani, mtu ana pikapu yake ya fo wili ya miaka ya 90 au Toyota Surf aliyoikata nyuma ikawa pikapu, anakwambia nataka nitoe mfumo wote wa tairi za mbele niweke ekseli nzima. Maana yake ni kwamba unatoa ule mfumo ambao kila tairi la mbele linajitegemea, yaani wishiboni (mikono inayoshika tairi), tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), zile shafti fupi zenye sivi jointi (viungo vinavyoruhusu shafti izunguke ikiwa imepinda) na kale kadifu kaliko­fungwa kwenye chesesi, alafu mahali pake unaweka bomba moja la chuma linalotoka tairi la kushoto mpaka la kulia, difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia) limo humo humo, shafti zinapita ndani, na lote linafungwa kwenye springi kama ekseli ya nyuma. Ukiinama chini ya Land Cruiser hardtop au Land Rover 109 utaiona, mbele na nyuma zinafanana fanana, tofauti ni kwamba ya mbele ncha zake zina nako za kukatia kona.

Toyota wenyewe walianza hivyo. Hilux ya fo wili ilipotoka 1979 ilikuja na ekseli nzima mbele na springi za bapa, ila kwa soko la Marekani modeli ya 1986 wakabadilisha wakaweka tosheni baa, kwa sababu wateja wa kule walitaka pikapu inayotulia barabarani. Wapenda porini wa Marekani hawakuipenda, wakaanza kurudisha ekseli ya zamani chini ya gari mpya, na ndo maana ukitafuta habari za hii kazi nyingi utazikuta zinatoka huko, tena wengine wanaruka Toyota kabisa wanaweka ekseli za Dana 44 au Dana 60 za malori ya Kimarekani. Sisi huku ni tofauti kidogo. Masoko kama Afrika na Australia yaliendelea kuuziwa Hilux ya modeli LN106 yenye ekseli nzima kutoka kiwandani mpaka miaka ya 90 huko, kwaiyo spea zipo mjini na mafundi wanaijua.

Sasa faida yake. Gari ya kila tairi kivyake tairi likipanda jiwe linapanda peke yake na mwenzake hana habari. Ekseli nzima ni mzega wa muuza maji, upande mmoja ukiinuka mwingine unashuka, kwaiyo tairi la pili linakandamizwa chini liendelee kushika ardhi, na kwenye mashimo ya njia ya shamba hicho ndo unachokitaka. Alafu nafasi ya chini ya difu haibadiliki hata ukipakia mzigo, wakati kwenye tosheni baa gari ikilala mbele na tumbo nalo linashuka. Na difu lenyewe ni kubwa zaidi, kraunwili (ile gia kubwa ya ndani ya difu inayozungushwa na gia ndogo, pinioni) ya ekseli nzima ya Hilux ni ya inchi 8 wakati kale ka mbele ka tosheni baa ni inchi 7.5. Kwa kusikia tu nusu inchi haionekani kitu ila kwenye meno ya gia inaonekana.

Kingine ni watu wetu na tabia ya kuinua gari kwa kukaza tosheni baa. Unakaza gari inapanda mbele kweli, inapendeza, lakini zile shafti fupi sasa zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, buti za raba zinachanika, grisi inatoka, mchanga wa Mkuranga unaingia, na baada ya hapo ni kelele ya ta-ta-ta kila ukikata kona. Wengi wanaotaka ekseli nzima wanataka kukimbia hii shida, na mimi naona wengine wangemaliza shida yao kwa kulegeza tosheni baa irudi pale ilipokuwa na kununua bushi na boljointi mpya. Gari ya kubeba nyanya toka Bagamoyo kuja Dar haina haja na hii kazi kabisa.

Ubaya wake nao upo. Chuma chote kile kinaning'inia chini ya springi, kwaiyo barabara ya lami yenye matuta madogo madogo gari inakurusha, stelingi inakuwa nzito kidogo na mbele haitulii kama zamani ukiwa spidi. Mtu anayekaa foleni ya Mandela Road kila siku aulize kwanza roho yake.

Tuje kwenye kitu ambacho ndo kinawaumiza watu, uwiano wa difu. Fo wili ya hizi gari haina difu la katikati, ukiingiza inafunga shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke sawa sawa, kwaiyo lazima difu la mbele na la nyuma yawe na hesabu moja. Hesabu yenyewe ni meno ya kraunwili gawanya kwa meno ya pinioni, 41 kwa 9 inakupa 4.556, 41 kwa 10 inakupa 4.100, 39 kwa 8 inakupa 4.875. Ukiweka mbele difu la 4.100 na nyuma limebaki la 4.556, tairi za mbele zinataka kuzunguka haraka kuliko za nyuma kwa asilimia 11 hivi. Kwenye tope unaweza usijue maana tairi zinateleza, ila ukiingiza fo wili kwenye ardhi kavu ngumu lazima kitu kiachie, na kitakachoachia ni sivi jointi au gia za transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma). Fundi anaweza kukwambia zote ni Hilux zitaingiliana, mwambie ahesabu.

Kuhesabu bila kufungua difu inawezekana. Weka gari nyutro, weka kabari, inua tairi moja tu la ekseli hiyo lingine libaki chini, piga alama ya chaki kwenye propela shafti (ile ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) na kwenye tairi, alafu zungusha tairi lililo juu mizunguko miwili kamili huku mwenzio anahesabu propela. Propela ikizunguka mara nne na nusu na kidogo unazungumzia 4.556. Ukitaka uhakika zungusha tairi mara 20 ugawanye hesabu ya propela kwa 10. Hii inakubali kwenye difu la kawaida lisilo na loki. Ukienda kununua ekseli iliyolala chini sokoni ni rahisi zaidi, shika habu ya upande mmoja isizunguke, zungusha ya pili.

Upana na matundu ya rimu nayo usisahau. Ekseli ya Hilux ya zamani ina nati 6, na Land Cruiser za zamani pia 6, lakini Land Cruiser 79 ina nati 5 za mduara wa milimita 150. Sasa mtu anaona ekseli ya 79 ni nene anaipenda, anaifunga kwenye Hilux, mbele nati 5 nyuma nati 6, anatakiwa kutembea na spea tairi mbili. Na pia inakuwa pana kuliko ya nyuma, matope yote yanaruka kwenye milango.

Stelingi ndo pahala pa kutafuta fundi mtu mzima. Boksi ya stelingi ya gari ya tosheni baa mkono wake unapiga kushoto kulia, wakati Hilux ya ekseli nzima ya zamani mkono ulikuwa unapiga mbele nyuma, kwaiyo rodi ya zamani haitakaa, inatakiwa rodi inayovuka kwenda upande wa pili na mkono wa juu kwenye nako. Rodi hiyo ikikaa kwa kulala sana, kila ukipita tuta stelingi inajizungusha yenyewe. Kuna na ule mwinamo wa nako kwenda nyuma, unaofanya stelingi ijirudishe baada ya kona, kama digrii tatu mpaka tano. Ukifunga springi na kuinua gari bila kuuangalia gari inatangatanga barabarani kama mlevi, na kuurekebisha kwa kabari tu unaweza ukaharibu pembe ya propela, kwaiyo wajuzi wanakata nako wanazizungusha wanachomelea upya. Pale kwenye welding usibanie hela. Na mipira ya breki ya zamani ni mifupi, ekseli ikishuka inavutwa ikakatika.

Chesesi namba kwenye hizi Toyota mara nyingi imepigwa upande wa kulia karibu na tairi la mbele, pale pale fundi anapotaka kukata na kusaga ili achomelee shako (vishikizo) za springi. Mwoneshe kabla hajawasha grinda, maana hiyo namba ndo iliyopo kwenye kadi ya gari na ikifutika kuuza gari au kupita kwa trafiki ni kesi. Bima nao waambie umebadilisha nini.

Ukiwa unanunua ekseli used angalia kwenye nako. Kama kuna uji mweusi unachuruzika ujue sili ya ndani imekufa, oili ya difu imechanganyika na grisi ya sivi jointi, bei ishuke maana utafungua vyote viwili. Tikisa habu juu chini, ikicheza ni beringi za habu au za kingi pini (pini ambazo nako inazungukia). Kunja nako mpaka mwisho huku unazungusha shafti, ukisikia inagonga sivi jointi imeshakula. Na ekseli yenyewe ipige uzi toka habu moja mpaka nyingine, maana nyingi zimetoka kwenye gari zilizopata ajali na bomba lililopinda huwezi kuliona kwa macho.